Ngozi ya Nyumba

Nyumba ile ilikuwa mbovu tangu siku tuliyoingia. Nalisema hilo kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu nimezeeka katikati ya watu wanaoamini kwamba niliiharibu mimi, na wengi wao nimeshawazika bila kuwaeleza. Wanaosema uzee hupoza hasira hawajapata kukaa jirani na mimi.

Ilikuwa nyumba ya serikali, moja kati ya sita zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya hospitali ya Singida, wakati wa Mwingereza. Tuliziita kota. Kuta za matofali zilizopakwa chokaa, paa la bati, sakafu ya saruji, vyumba viwili na jiko la nje. Mume wangu alikuwa dresa. Alisafisha vidonda, alifunga bandeji, na alipiga sindano daktari alipokuwa na mambo mengine. Daktari mwenyewe, Mzungu tuliyemwita Bwana Mganga, alikuwa na mambo mengine karibu kila siku.

Mume wangu Mnyiramba, mimi Mnyaturu wa upande wa Sepuka. Tulikuwa tumefunga ndoa kanisani miezi mitatu kabla. Nilikuwa na darasa la nne la misheni, najua kusoma na kuandika, na najua kujibu, jambo ambalo walimu wangu walilisikitikia. Nilitoka kwenye tembe la baba yangu, nyumba fupi ya udongo ambayo upepo hupita juu yake bila kuigusa, nikaletwa kuishi chini ya bati. Nilifurahi. Sitadanganya.

Siku ya kukabidhiwa nyumba alikuja karani wa ofisi ya ujenzi na karatasi yake. Alikuwa kijana mgeni, mtu wa pwani, kaptula yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Karatasi ilikuwa na orodha ya kila kilichomo: milango miwili, madirisha matatu, vioo kumi na viwili, bawaba, makomeo, meza moja, viti viwili, mabati ya paa. Mbele ya kila kitu palikuwa na neno moja la Kiingereza lililopigwa kwa mashine, lile lile, kutoka juu mpaka chini. Nilimwuliza mume wangu maana yake. Akaniambia maana yake ni kizuri.

Tukazunguka. Mlango wa nyuma ulining'inia kwenye bawaba moja, na ya pili ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiigusa inakuachia unga mwekundu kidoleni. Vioo viwili vya dirisha la chumbani vilikuwa na nyufa, kimoja kutoka kona hadi kona. Bati moja la pembeni misumari yake ilikuwa imelegea, na kwa kuwa upepo wa Singida haujui kupumzika, lilikuwa likigonga hata tulipokuwa tumesimama chini yake tunaongea. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umeanzwa na mchwa. Niliinama nikaupuliza, vumbi likaruka.

"Bwana karani," nikasema, "mlango huu si mzuri. Na vioo hivi si vizuri."

Hakunitazama. Alimwambia mume wangu, "Bwana dresa, mweleze bibi. Karatasi imeshapigwa. Kubadili neno moja inabidi ipigwe karatasi nyingine, na hiyo lazima itoke kwa Bwana Ujenzi, na Bwana Ujenzi yuko Dodoma mpaka mvua ziishe. Mnataka kulala nje mpaka mvua ziishe?"

Mume wangu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kumwondolea mwenzake aibu, akachukua kalamu akatia sahihi. Karani akamkabidhi ufunguo akaenda zake kwenye kota ya tatu, akiwa na karatasi nyingine yenye neno lile lile.

"Umesaini uongo," nikamwambia mume wangu.

"Nimesaini ufunguo," akanijibu.

Nilimnunia siku tatu. Alikuwa mtu mpole, na ukimnunia mtu mpole unachoka wewe. Siku ya nne nilimpikia mlenda na ugali wa uwele, tukaendelea na maisha. Lakini karatasi ile haikunitoka moyoni, na nilipokuwa nafagia nilikuwa najiuliza itakuwaje siku ya kutoka, wakija kuitafuta bawaba nzuri ambayo haikuwahi kuwapo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nitalieleza polepole, kwa sababu lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa vizuri.

Kwetu, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi lake. Huwawekesha kwa watu wengine, wamtunzie na wanywe maziwa. Siku ng'ombe anapoletwa, majirani huitwa wamtazame: pembe, chuchu, makovu, alama ya sikio. Na akifa mikononi mwako hutupi kitu. Unawaita majirani wale wale waone amekufaje, unamchuna, unaikausha ngozi, kisha unaibeba mwenyewe mpaka kwa mwenye ng'ombe na kuitandaza mbele yake. Anaikagua. Anaona ni wake, anasikia ugonjwa ulikuwa gani na nani alikuwapo, na maneno yanaishia hapo. Anayekwenda mikono mitupu ndiye anayeitwa mwizi. Nilimwona baba yangu akiondoka alfajiri na ngozi begani, uso umemwiva kwa wasiwasi, na jioni akarudi amenyweshwa pombe na mwenye ng'ombe mwenyewe.

Basi nikajiambia kwamba nyumba hii ni ng'ombe wa serikali aliyewekeshwa kwetu. Alikuja mgonjwa na mtu mmoja amesema ni mzima. Atakufa kiungo kimoja kimoja. Mimi kazi yangu ni kutunza ngozi.

Bawaba ilitangulia, mwezi wa pili tu. Ilikatika nikiwa nafungua mlango kutoa majivu. Nilimwita jirani yangu wa kota ya pili, mke wa mpishi wa hospitali, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, nikamwonyesha: tazama ilivyokatika, tazama kutu. Akatazama, akasema ameona. Nikaifunga kwenye kitambaa nikaitia kwenye gunia, na gunia nikalitundika jikoni penye moshi, mchwa wasilifikie.

Kisha vioo. Upepo wa kipupwe ulilisukuma dirisha mara moja, na vile viwili vyenye nyufa vikashuka. Mama wa kota ya pili akaja, akatazama, akasema ameona. Nilikuwa nakusanya vipande nilipomsikia mume wangu nyuma yangu akisema nisijikate. Alichukua mabaki ya bandeji, zile ncha wanazozitupa, akanisaidia kuvifungasha kimoja kimoja kwa namna ile ile anavyofunga kidole cha mgonjwa. Nataka msomaji alikumbuke jambo hili kwa dakika chache zijazo. Hakunicheka. Unyiramba nako ng'ombe huwekeshwa, na yeye alijua ngozi ni kitu gani. Aliniambia, "Weka vizuri. Siku moja vitatusemea."

Bati lilifuata, mwaka wa pili. Lilinyofoka mchana kweupe likaenda kuangukia kwenye mawe makubwa upande wa ziwa, na wagonjwa waliokaa kwenye baraza ya hospitali walinyanyuka kulitazama. Tulilirudisha, tukaliegemeza nyuma ya jiko, maana halikuenea kwenye gunia. Kisha komeo la dirisha la sebuleni. Kisha mguu wa meza, ambao siku hiyo ulikuwa umebaki ganda tu. Kila mara nilimwita mama wa kota ya pili, na kila mara alisema ameona.

Usidhani tulikaa kimya. Mume wangu aliandika barua mbili kwa ofisi ya ujenzi kuomba matengenezo. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba bawaba inayotajwa, kwa mujibu wa orodha iliyosainiwa na yeye mwenyewe, ni nzuri. Aliisoma amesimama mlangoni, akacheka. Mimi nilitoka nje nikapasua kuni mpaka mama wa kota ya pili akaja kuniuliza nani kafa.

Tulikaa pale miaka minne. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa humo. Kuta nilizipaka chokaa kila mwaka kwa mkono wangu, sakafu niliisugua mpaka magoti yakaota sugu, na pale vioo vilipokosekana nilipigilia ubao uliokaa sawa kuliko kazi ya fundi. Nyumba ile ilisimama kwa sababu yangu. Sioni haya kulisema.

Mwaka wa nne ikajengwa zahanati mpya upande wa kwetu, mwendo wa saa moja tu kwa miguu kutoka kwa mama yangu. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kaka yangu alikwenda kukata mkonge na hatukujua tena kama yu hai. Mama alibaki peke yake kwenye tembe, na macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Mara ya mwisho nilipomtembelea alinipapasa uso ndipo akajua ni mimi. Zahanati ile ilihitaji dresa mmoja wa kuisimamia, mwenye ufunguo wa ghala la dawa na nyumba yake pembeni. Mume wangu aliomba. Niliomba na mimi, kwa namna yangu, kila asubuhi nikiwa nakoroga uji.

Bwana Mganga akakubali. Alimwita mume wangu akamwambia kazi ni yake, isipokuwa jambo moja. Karatasi ya kutoka kwenye kota lazima iwe safi. Mtu asiyeweza kutunza nyumba, alisema, mimi siwezi kumpa ghala la dawa.

Mume wangu alirudi nyumbani mchana amekunja uso. Alinieleza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ngozi zote ninazo.

Bwana Ujenzi akaja kutoka Dodoma. Nilikuwa sijapata kumwona. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani, amechomwa na jua shingoni, ana kifimbo cha kugongea kuta. Yule karani wa pwani alikuwa nyuma yake, sasa amenenepa, na karatasi yetu ya miaka minne mkononi. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Mtoto nilimbeba mgongoni. Mama wa kota ya pili alisimama barazani kwake akinisubiri nimwite.

Waliingia, wakagonga, wakatoka. Karani alikuwa anasoma, Bwana Ujenzi anatazama. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. "Wapi bawaba?" Bwana Ujenzi akauliza kwa Kiswahili chake cha kutoa amri. Dirisha la chumbani. "Wapi kioo?" Meza. "Wapi mguu?"

"Vyote vipo, Bwana," nikasema.

Nilileta gunia. Nilitandika kanga barazani, nikatoa kimoja kimoja nikakipanga kama baba alivyotandaza ngozi: bawaba kwanza, kisha vioo ndani ya bandeji, komeo, mguu wa meza. Bati nilikuwa nimelisogeza ukutani tangu asubuhi. Nikaanza kueleza. Hii ilikatika mwezi wa pili tangu tuingie, tazama kutu ilivyoila, kutu ya miaka, haikuanza kwetu. Hivi vilikuwa na nyufa kabla, karani huyu huyu aliviona. Na kila kimoja jirani yangu yule alikiona siku ile ile. Mama wa kota ya pili akashuka barazani kwake akasogea. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nimejiandaa miaka minne.

Bwana Ujenzi alivitazama vitu vile kwa muda. Aliokota kipande kimoja cha kioo, akafungua bandeji, akaifunga tena, akakirudisha. Kisha akaongea na karani kwa Kiingereza, maneno machache.

Karani akanigeukia. "Bwana anauliza, kwa nini mmevunja vitu vingi hivi, na kwa nini mlivificha?"

Sikuelewa. Kwa kweli nilidhani amekosea kutafsiri. "Hatukuvificha," nikasema. "Tumevitunza. Ndiyo maana ninavionyesha."

"Anasema vitu vya serikali vilivyovunjika viko hapa, ninyi wenyewe mmekiri mlikuwa navyo. Karatasi inasema mlivipokea vikiwa vizuri. Sasa kilichobaki kueleza ni nini?"

Hapo nilipandisha sauti. Niliwaambia karatasi ni ya uongo, na aliyeiandika uongo huo amesimama hapo amenenepa. Nilimwambia karani aseme mbele ya Mungu kama hakuiona bawaba ile. Nilimwambia Bwana Ujenzi amwulize shahidi wangu, kwani shahidi yuko hapa, ana macho na ana mdomo. Mtoto akaanza kulia mgongoni. Bwana Ujenzi hakumwuliza shahidi neno. Alirudi nyuma hatua moja, namna mtu anavyomkwepa mbuzi mkali, akaenda kuwasha sigara pembeni ya ukuta.



Karani akamvuta mume wangu chini ya upenu. Nilikuwa nimepiga magoti nakusanya vitu vyangu, mita mbili kutoka kwao, na nilisikia kila neno, kwa sababu hakujali kama nasikia.

"Bwana dresa," alisema, "mmejiponza. Mngetupa takataka hizi mngepona. Kota zote hizi hazina vioo, wenzako wanatupa, Bwana akija anaandika uchakavu, basi. Sasa ninyi mmemletea ushahidi mkononi."

"Tulipe tu," mume wangu akasema.

"Ukilipa umekubali, na inaingia kwenye faili lako. Zahanati isahau." Akashusha sauti kidogo, si sana. "Ipo njia. Kuna mahali pa kuandika sababu ya uharibifu. Sema ni mke wako. Mke haajiriwi na serikali, hana faili. Wewe unabaki safi. Na Bwana ameshamwona alivyo, hatauliza mara ya pili."

Mume wangu akageuka akanitazama. Nimeirudia saa ile mara nyingi kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu, na sitaki kujipendelea. Aliniuliza kwa macho. Nilimwelewa kabisa. Ningetikisa kichwa tu, asingesema, namjua, asingesema. Lakini nilimwona mama yangu akipapasa ukuta kutafuta mlango. Nikateremsha macho, nikaendelea kufunga gunia.

Akaenda kwa Bwana Ujenzi. Alivua kofia.

"Bwana, ni mke wangu," akasema. "Ana hasira. Akikasirika hupiga vitu."

Alisema kwa sauti ya upole, ile anayowaambia wagonjwa kwamba haitauma. Na Bwana Ujenzi, ambaye mpaka hapo hakuwa na uso, akawa na uso. Alimtazama mume wangu kwa huruma kabisa, mwanaume kwa mwanaume, akatikisa kichwa, akasema kitu kwa Kiingereza ambacho karani hakukitafsiri lakini mume wangu alikielewa na akatabasamu kidogo. Lile tabasamu nimekaa nalo miaka yote. Angesema uongo ule huku amekunja uso, labda leo ningekuwa mtu mwingine.

Karani akaandika, akasoma kwa Kiswahili ili mhusika asikie: vifaa vimeharibiwa na mke wa mpangaji kwa hasira; mpangaji mwenyewe ni mtu mwangalifu; mke aonywe. Akanisogezea kidau cha wino niweke dole gumba. Nikamwambia najua kuandika. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote, herufi nzuri za misheni, chini ya maneno yale. Mama wa kota ya pili aliniangalia nikiandika, kisha akarudi barazani kwake bila kusema ameona.

Vitu vyangu wakavichukua, gunia na vyote. Ni mali ya serikali.

Ukitaka kujua ninawakasirikia nani, nitakujibu kwa mpangilio. Bwana Ujenzi simkasirikii sana. Alikuwa mtu wa karatasi, alisoma karatasi. Karani nilimchukia miaka kumi hivi, kisha chuki ikachoka. Serikali ile imeshakwenda na bendera yake, na siku ilipoteremshwa nilicheza ngoma kama wengine, nikijua moyoni nachezea bawaba. Waliobaki ni wawili, mimi na yeye. Wazee wa kwetu huniambia mumeo alikuwa mtu wa watu, hakumgeuza mgonjwa mlangoni, hakuwahi kukupiga. Yote ni kweli. Ndiyo yanayonichoma. Mtu mbaya ningemsahau.

Tulihama kwa lori la hospitali lililokuwa linapeleka dawa. Mimi na mtoto tulikaa juu ya magodoro, yeye mbele na dereva. Liliposimama kupoza injini alikuja nyuma akanipa maji.

"Umenyamaza sana," akasema.

"Mimi napiga vitu," nikamjibu. "Jihadhari na kikombe."

"Ni maneno ya karatasi tu," akasema. "Si tumepata tulichokitaka?"

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumepata. Nilikunywa maji nikamrudishia kikombe chake kizima.

Nilidhani maneno yale yatabaki kwenye faili huko mjini. Sikujua kwamba karatasi ya nyumba humfuata mtu. Kwenye zahanati mpya tulipokewa na karani wa baraza, mbele ya wazee na kinamama waliokuja kumwona dresa wao, na kabla ya kutukabidhi nyumba alisoma karatasi yetu ya kutoka kwenye kota, kwa sauti, neno kwa neno, ili ijulikane nyumba inakabidhiwa kwa mtu wa namna gani. Aliposoma mpangaji ni mtu mwangalifu, wazee wakaitikia kwa kuridhika. Aliposoma mke aonywe, wakageuka wakanitafuta. Hao walikuwa watu wa kwetu. Baadhi yao nilicheza nao utotoni. Mzee mmoja alinionya papo hapo, kama alivyoagizwa, na alinionya kwa Kinyaturu ili nisije nikasema sikuelewa.

Mume wangu alikuwa amesimama pale. Angeweza kusema neno. Hapakuwa na Mzungu, hapakuwa na karani wa pwani, ufunguo ulikuwa tayari mfukoni mwake. Nilimngoja. Alikuwa anawasalimia wazee, mikono miwili, shikamoo baba, shikamoo baba, mstari mzima.

Jumapili ile, baada ya ibada, tulikwenda kwa mama. Habari ilikuwa imeshafika kabla yetu. Mwendo wa saa moja ni mfupi kwa habari ya namna hiyo. Tulimkuta amekaa nje na majirani wawili, ameegemea ukuta wa tembe. Nilimpa shikamoo. Alinipapasa uso, akampapasa mtoto, akalia kidogo kwa furaha. Kisha akanishika mikono yote miwili akaigeuza viganja juu, akaipitisha vidole vyake polepole, akitafuta kitu.

"Mwanangu," akasema, "hasira hii ni ya baba yako. Nilijua itakufikisha mahali."

"Mama, si hivyo ilivyokuwa."

"Nyamaza. Mtu ameaibishwa na mkewe mbele ya Wazungu, na hakukurudisha kwetu. Amekuleta hapa, karibu na mimi, na kazi yake mkononi. Wako wangapi wa namna hiyo?" Majirani wakasema hawapo. "Mshukuru. Mshukuru hapa hapa, mimi nikisikia. Sioni tena, lakini nasikia."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika kibuyu cha togwa alichopewa, anatazama chini. Nilimngoja kwa mara ya pili. Nilimngoja mpaka majirani wakaanza kukohoa, na mama akanibinya vidole kunihimiza. Jua lilikuwa linampiga mama usoni na alikuwa halioni tena.

Basi nikapiga goti kwenye vumbi, mikono nimeikutanisha kama nilivyofundishwa pale pale uani, nikasema asante, baba mtoto, kwa kunivumilia.

Mume wangu akaweka kibuyu chini.

"Usijali, mama," akamwambia mama yangu. "Nimeshamsamehe."